Mashine ya Kurudi Nyumbani

Wadau, nimeadimika, najua. Wengine mlishaanza kuuliza kama nimepata kazi ubalozini nikawasahau. Hapana. Nilikuwa natafuta mashine ya boti. Ndiyo, mashine ya boti, mimi ambaye nikipanda pantoni ya Kigamboni hukaa katikati kabisa ili nisione maji!

Basi bwana, ilikuwa hivi. Mwezi Julai, saa nne usiku, niko chumba cha habari nasubiri mhariri amalize kuichinja habari yangu ya madiwani. Simu ikaita. Ni mke wa mjomba wangu kule Bagamoyo, ambaye mimi humwita shangazi. Sikumaliza hata kumwamkia.

"Mjomba wako hajarudi. Wametoka alfajiri, na mwanangu yumo."

Hapa lazima nikiri kitu. Katika miaka mitatu ya kazi hii nimeandika habari za wavuvi waliopotea baharini mara nne, na zote zilikuwa fupi. "Wavuvi watatu wahofiwa kufa maji", maneno themanini, ukurasa wa tano, pembeni ya tangazo la viwanja. Meli kubwa ikizama tunaandika wiki nzima. MV Bukoba mwaka 1996, MV Spice Islander mwaka 2011, MV Skagit mwaka 2012, MV Nyerere mwaka 2018, hizo kila Mtanzania anazijua. Wavuvi wao hufa wawili wawili, watatu watatu, na hakuna tume inayoundwa. Mwaka 1999 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria kwamba uvuvi huua watu wapatao 24,000 kila mwaka duniani kote. Namba hiyo niliwahi kuitumia katika makala, nikaona imependeza. Usiku ule nimekaa mbele ya kompyuta nikajikuta natunga kichwa cha habari kichwani mwangu, na umri wa binamu yangu nimeshauweka kwenye mabano: miaka 17.

Walipatikana asubuhi ya pili yake, hai wote watatu, kaskazini huko upande wa Saadani. Waliowakuta ni watu wa mashua ya tanga. Sikilizeni hilo vizuri: mashua ya tanga, isiyo na hata tone la petroli, ndiyo iliyoivuta boti ya faiba yenye mashine ya arobaini. Bibi yangu, mama yake mjomba, alipopewa habari hakulia wala hakushangaa. Alisema tu, "Babu yenu alifia kitandani, na hakuwahi kununua petroli."

Kilichotokea kilikuwa kidogo mno. Mafuta yalikuwa na maji. Petroli ya ufukweni inauzwa kwenye madumu, na ukipata dumu lililooshwa halikukaushwa, umekwisha. Maji ni mazito kuliko petroli kwa hiyo hulala chini, na bomba la mashine linanyonya huko huko chini. Saa saba mchana mashine ikakohoa mara mbili, ikazima. Mjomba anajua kazi yake, akafungua kabureta, akaisafisha, akafuta plagi, akawasha. Ikaenda dakika tano ikazima tena, maana alikuwa akiirudishia maji yale yale. Wakatia nanga. Jioni upepo wa kusi ukaongezeka, kamba ya nanga ikasuguana na ukingo wa boti, usiku ikakatika. Na mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini, tena wakati wa kusi ndiyo unakimbia zaidi. Simu ya mjomba ilikuwa imeloa. Tanga? Tangu anunue mashine, tanga limekuwa paa la banda la kuku.

Jumamosi nikaenda Bagamoyo. Nilimkuta amekaa barazani, midomo imechanika kwa chumvi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwandishi. Umekuja kunihoji?"

Tukacheka, kicheko cha watu ambao hawataki kuongea. Baada ya chai nikamwambia nilichokuja nacho. Nilikuwa na akiba ya shilingi milioni tatu na laki mbili, ya ada ya shahada ya pili. Nikasema inunue mashine ya pili, ndogo, ikae pembeni ya ile kubwa kwa siku kama ile. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema sawa, lakini ni mkopo si zawadi, na kama ni mkopo basi tununue ya kumi na tano.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia, na ulidumu wiki saba.

Msione ni jambo dogo. Hoja ya mjomba ilikuwa nzito. Mashine ya kumi na tano iliyotumika inapatikana kwa bei ya ndogo mpya. Siku bahari ikiwa shwari anaweza kuiacha ile ya arobaini nyumbani, akaenda kuvua karibu kwa hiyo ya kumi na tano, akaokoa mafuta, akanilipa deni langu. "Mashine ya milioni tatu ikae tu inaning'inia kama kalenda?" aliniuliza. Mimi hoja yangu ilikuwa kwamba mashine ya akiba ikishaanza kufanya kazi ya kila siku si ya akiba tena. Itachakaa kama mwenzake, na siku itakapohitajika itakuwa kwa fundi.

Nami nilikuwa na ujinga wangu, tena wa kisomi. Nilikesha mtandaoni wiki mbili nikasoma kila kitu nikarudi Bagamoyo kama profesa, nikamhubiria mjomba habari za fostroki. Kwa wasiojua: mashine hizi za kupachika ziko za aina mbili kubwa. Kuna tustroki, ambazo unachanganya oili ndani ya petroli, kwa kawaida lita moja ya oili kwa lita hamsini za petroli mashine ikishazoea. Na kuna fostroki, ambazo oili inakaa sehemu yake kama gari. Fostroki hunywa mafuta kidogo zaidi, hazitoi moshi mwingi, hazipigi kelele, na nchi tajiri zimeshaiacha tustroki ya kabureta kwa sababu ya uchafuzi. Nilidhani nimemaliza kesi.

Mjomba akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza maswali, kama hakimu.

Uzito wake? Nikasema ya nane ya fostroki inakaribia kilo arobaini. Na ya tustroki? Kilo ishirini na saba hivi. Akaniambia simama, twende pwani.

Mliowahi kufika Bagamoyo maji yakiwa yamekupwa mnajua habari yake. Bahari inaondoka inakuacha, inakuwa kama uwanja wa ndege wa matope. Boti inabaki huko mbali, na mashine haiachwi botini usiku hata siku moja, wezi wataishukuru. Kwa hiyo kila jioni mtu anaibeba begani kupita kwenye tope mpaka nyumbani. Mjomba ana miaka 58. Hizo kilo kumi na tatu ambazo mimi nilizisoma kama namba, yeye alizisoma kwa mgongo.

Akaendelea. Ukiilaza fostroki kwa ubavu usio wake, oili inahama inaingia kusikotakiwa, siku ya kuiwasha unapata balaa. Nani ataikumbusha bega langu ubavu upi? Ikiangukia maji ya chumvi, fundi gani hapa ufukweni ataifungua? Mafundi wetu wote wamekulia kwenye tustroki, spea ziko kila kona. Na hayo mafuta yatakayookolewa, yataokolewa lini, kama mashine yenyewe unataka ifanye kazi siku mbili kwa mwaka?

Hapo nikanyamaza. Sifa zote nilizozisoma zilikuwa za mashine inayofanya kazi kutwa. Mimi nilikuwa nanunua mashine ya kukaa na kusubiri, na hiyo ina sifa zake: iwe nyepesi, iwe rahisi, iwake kwa kamba mkononi bila betri, na mtu aliyelowa, mwenye njaa, gizani, aweze kuifungua kwa bisibisi na spana ya plagi. Nikakubali tustroki. Mtunza mazingira ndani yangu bado ananuna, na ana haki. Lakini kwa saa chache za mwaka nimeamua ataniwia radhi.

Ikabaki ya nane au ya kumi na tano. Hapa uandishi ukanisaidia, maana nikasema tusibishane, tupime. Mjomba akaazima kwa majirani ya nane na ya kumi na tano, zote tustroki. Boti yake ina urefu wa mita saba. Tukapakia barafu, nyavu na watu wanne, mimi nikashika simu yenye kipimo cha mwendo, huku nimeshika ukingo kwa mkono mwingine na nasali.

Upepo ukiwa nyuma, ya nane ilitupeleka kilomita tisa kwa saa. Ya kumi na tano, kilomita kumi na moja. Basi! Nguvu karibu mara mbili, mwendo umeongezeka kilomita mbili tu. Siri yake ni kwamba boti nzito inayopasua maji inatengeneza wimbi lake yenyewe, na haiwezi kulipita wimbi hilo mpaka ipate nguvu ya kuinuka juu ya maji, kama inavyofanya ile ya arobaini. Kwa boti yenye urefu huu ukuta uko kama noti sita, yaani kilomita kumi na moja kwa saa. Ukiongeza nguvu kidogo tezi inazama, omo inapanda juu, mafuta yanakwenda, wewe uko pale pale.

Tulipogeuza kulikabili kusi mambo yakabadilika, na lazima niseme ukweli. Ya nane ilishuka mpaka kilomita sita na kidogo. Ya kumi na tano ilibaki kwenye nane. Mjomba akanitazama kwa jicho la ushindi. Nikamwambia ngoja, tufanye hesabu. Tustroki ikikanyagwa mpaka mwisho hula takribani nusu lita kwa kila nguvu moja ya farasi kwa saa. Yeye huvua mpaka kilomita kumi na tano kutoka nyumbani. Kwa ya nane, upepo ukiwa usoni, ni saa mbili na nusu na lita kumi. Kwa ya kumi na tano anafika kabla ya saa mbili, lakini anakunywa lita kumi na tatu au kumi na nne. Tangi dogo la kubeba mkononi ni la lita kumi na mbili. Ya nane inafika nyumbani na tangi lake. Ya kumi na tano inazimika ukiwa unaona minazi.

Na hilo tangi ndilo jambo ambalo nililisimamia mpaka mwisho. Watu wengi wenye mashine mbili wanaziunganisha kwenye tangi moja, maana mafuta ni yale yale ya kuchanganya. Sasa kama ugonjwa ni maji kwenye mafuta, si umebeba wagonjwa wawili? Nikasema mashine ndogo iwe na tangi lake, lijazwe siku nyingine kwa dumu jingine, lipite kwenye chujio, na asiliguse mtu hata kama ile kubwa imeishiwa. Mjomba alikubali bila kubisha. Aliyeongezea alikuwa binamu yangu, ambaye siku zote hizo alikuwa kimya. Alisema, "Na kamba ya nanga iwe mpya." Hatukuwa tumeifikiria hata mmoja wetu, wazee wawili tunaobishana habari za farasi.

Hata hivyo bado mjomba hakuwa amesema "ya nane". Alikuja kuisema jioni ile ile, baada ya kuibeba ile ya kumi na tano kupita kwenye tope kuirudisha kwa mwenyewe. Alikataa nisimsaidie. Alipofika mchangani akaitua, akashika kiuno, akasema tu, "Nane." Sikujibu kitu. Kuna ushindi ambao mtu hatakiwi kuushangilia.

Kununua nilipewa mimi, kwa sababu niko Dar. Kabla sijaondoka mjomba akanipa kipande cha mshipi chenye mafundo mawili. Alipima ubao wa nyuma ya boti pale mashine itakapofungwa, kutoka juu mpaka chini. Nikakitia mfukoni kwa heshima tu, maana nilikuwa na vipimo vyangu kwenye simu.

Dukani, sitalitaja, muuzaji alinipokea vizuri mno. Ya nane? Ipo, mpya, ndani ya boksi, na kwa sababu wewe ni kijana mzuri nakupunguzia laki mbili. Nikaitazama, imependeza kweli. Nimeshatoa simu nianze kuhamisha pesa, mkono ukagusa ule mshipi. Sijui kwa nini nikautoa, nikaushika sehemu inapokalia ubao nikauachia chini. Fundo la pili likaning'inia chini kabisa, kwenye propela.

Wadau, ilikuwa shafti fupi. Mashine hizi ndogo huja na shafti ya inchi 15 au ya inchi 20, na nyingine zipo ndefu zaidi kwa ajili ya boti za matanga. Bapa lile lililo juu ya propela linatakiwa liwe usawa wa chini ya boti au chini yake kidogo. Boti ya mjomba inataka inchi 20, na mashine ya akiba inafungwa pembeni, mahali ambapo boti ikiyumba ndipo panapoinuka zaidi. Kwa shafti fupi, kila wimbi likipita propela ingetoka nje ikasaga hewa, mashine ikapiga kelele kama cherehani, boti haiendi. Kwenye maji tulivu isingejulikana sana. Ingejulikana usiku, kwenye mawimbi, siku ile ile iliyonunuliwa kwa ajili yake.

Nikamuuliza muuzaji. Akasema hata hii inafaa, watu wengi wanachukua. Kwenye risiti yangu ya awali alikuwa ameandika "8HP" tu. Simlaumu sana, kosa lilikuwa langu la kutosema. Lakini laki mbili za kijana mzuri zikawa zimepata maelezo. Ndefu niliipata duka la tatu, kwa bei kamili. Propela nikachagua yenye hatua fupi, ya kusukuma mzigo badala ya kukimbia. Nikaongeza chujio lenye kikombe cha kuonyesha maji, pini za akiba za propela, kamba ya kuwashia, plagi mbili na mnyororo wa kuifunga isije ikaruka baharini. Na kamba ya nanga, mita mia. Pesa yangu iliisha, mjomba akaongeza laki nne ambazo sikuuliza zimetoka wapi. Ada ya shahada ya pili itasubiri mwaka mwingine. Mama bado hajaambiwa, na kama kuna ndugu anasoma hapa, naomba afunge mdomo.

Tatizo moja ambalo duka haliuzi dawa yake ni kwamba mashine isiyowashwa inakufa yenyewe. Petroli iliyolala ndani ya kabureta inabaki utando kama gundi, unaziba vitundu vyake vidogo. Ukija kuivuta miezi sita baadaye hupati hata kikohozi. Mjomba akalitatua hilo kwa njia yake. Ijumaa hawaendi baharini mpaka baada ya swala, kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi anaipeleka ndogo majini, anaiwasha, anaiacha inguruma dakika kumi, halafu anachomoa bomba la mafuta aiache izime yenyewe mpaka kabureta ikauke. Mafuta ya wiki anayamwaga kwenye tangi la ile kubwa, anaweka mapya. Tanga nalo limeshuka kutoka banda la kuku, limekunjwa ndani ya omo. Kuku wana bati sasa. Bibi amesema ni vizuri, lakini bati ni joto.

Mpaka leo haijamrudisha nyumbani hata mara moja. Ile ya arobaini inafanya kazi kama haijawahi kukosea. Mjomba ananilipa kidogo kidogo, wakati mwingine pesa, wakati mwingine ndoo ya changu inayokuja na basi, na mimi na wapangaji wenzangu tunakula riba.

Ijumaa iliyopita nikiwa kwenye mkutano wa waandishi, waziri anaongea, simu ikatetemeka. Mjomba. Nikatoka nje mbio, moyo uko mdomoni, tangu Julai ile kila simu ya Bagamoyo naipokea hivyo. Hakuongea. Nilichosikia ni mngurumo mdogo, laini, na mawimbi yanapiga ubavuni mwa boti. Ukaendelea, ukaendelea, halafu ukapungua, ukakohoa, ukanyamaza.

"Umeisikia?" akauliza.

"Nimeisikia mjomba."

"Haya. Plagi ya chini inaanza kuwa nyeusi. Niletee mbili ukija, zile za asili, usiniletee feki."